Ugali wa muhogo usiodhuru: Siku tatu za maji au saa tano za kivuli



Ndugu msomaji, hakuna nyumba ya Mtwara isiyoujua muhogo. Kuanzia Mikindani na Msangamkuu, hadi Msimbati na vijiji vya karibu na maingilio ya Mto Ruvuma, zao hili linaota katika ardhi ya kichanga ambayo mahindi huikataa. Muhogo ndio futari yetu ya Ramadhani ukitiwa nazi, ndio ugali wetu ukishakuwa makopa, na majani yake ndiyo kisamvu. Wageni wanaweza kuuona kuwa ni chakula cha dhiki, lakini wenyeji tunajua kuwa ugali wa muhogo kwa mchuzi wa samaki wa nazi ni chakula cha heshima.

Hata hivyo, chakula hiki kina sharti moja ambalo bibi zetu walilijua na sisi tunaanza kulisahau. Muhogo haupikwi kwa haraka. Katika makala hii tutaeleza namna ya kupika vyakula vitatu vya muhogo kwa vipimo na hatua ambazo mpishi yeyote akizifuata atapata chakula kitamu na salama, mwaka wa mvua na mwaka wa ukame.

HALALI, TENA KIZURI

Suratul-Baqarah, aya ya 168, inatufunza kwamba chakula chetu kisiwe halali tu, bali kiwe pia kizuri. Mara nyingi tunaishia kwenye neno la kwanza. Tunauliza nyama imechinjwa na nani, na ni vyema kuuliza. Lakini ni wangapi tunaouliza unga huu wa muhogo umeandaliwaje? Muhogo ni halali bila shaka. Muhogo mchungu ulioandaliwa kwa pupa bado una sumu, na sumu haiwezi kuitwa chakula kizuri. Aidha, dini yetu imekataza mtu kujidhuru na kuwadhuru wengine, na anayewapikia watoto wake amebeba amana kubwa.

YALIYOTOKEA KUSINI

Mwaka 1988 ulikuwa mwaka wa shida ya chakula katika wilaya ya Masasi, ambayo wakati wote huo imekuwa ndani ya Mkoa wa Mtwara. Watu waliishiwa akiba, wakategemea muhogo mchungu na kutafuta njia ya kupata unga upesi. Njia hiyo inaitwa chinyanya. Muhogo unatwangwa, unaanikwa kidogo, unatwangwa tena na kuanikwa tena, na ndani ya siku moja unga unapatikana. Watu walikula, kisha wakaanza kutapika na kushikwa na kizunguzungu. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, akiwemo Dakta Nicholas Mlingi, walichunguza na kuona kuwa chanzo ni sumu ya sianidi iliyobaki katika unga ule wa haraka.

Kutapika si jambo baya zaidi linaloweza kutokea. Yapo maradhi yanayoitwa konzo, neno la Wayaka wa Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Mtoto au mama aliyekuwa mzima anaamka na miguu yote miwili imekakamaa, na tangu siku hiyo anatembea kwa vidole vya miguu, kwa fimbo, au hatembei kabisa. Maradhi haya huwapata zaidi watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa, hasa pale familia inapokula muhogo mchungu ulioandaliwa vibaya kwa majuma mengi mfululizo bila kitoweo cha maana. Hapa Tanzania yaligunduliwa wilayani Tarime mwaka 1985. Mwaka 1981 ng'ambo ya Ruvuma, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu wakati wa ukame. Mkoani Mtwara kwetu wagonjwa walipatikana mwaka 2001 na 2002, tena ikiwa ni baada ya ukame.

Tuseme wazi kuwa konzo si uchawi, si jini, wala si maradhi ya kuambukiza. Miguu ikishakakamaa hakuna dawa ya kuirudisha ilivyokuwa, ingawa mazoezi ya viungo humsaidia mgonjwa. Ndiyo maana kinga yake iko jikoni.

KUFULI NA UFUNGUO

Kwa nini moto hautoshi? Wengi hudhani kwamba chakula kikichemka sana kila kibaya kinakufa. Kwa vijidudu ni kweli. Kwa sumu ya muhogo sivyo.

Ndani ya muhogo sumu imefungwa kama mali iliyotiwa kufuli. Kitu hicho kilichofungwa wataalamu wanakiita linamarini. Ufunguo wake ni kimeng'enya kilichomo ndani ya muhogo huohuo, ila vimewekwa mbalimbali. Muhogo ukikatwa, ukitwangwa, ukikwanguliwa au ukiloweshwa mpaka ulainike, ufunguo unakutana na kufuli. Sumu inafunguka, inageuka hewa na kupotea. Sianidi huchemka kwenye joto la nyuzi 26 hivi, yaani joto la kivulini tu hapa pwani, kwa hiyo ikishafunguliwa inaruka yenyewe.

Ufunguo huo unahitaji vitu viwili, maji na muda. Ukiutia muhogo motoni kabla ya wakati, moto unauharibu ufunguo, na kufuli inabaki imefungwa. Sumu inaingia tumboni ikiwa imefichika, na huko sehemu yake hufunguliwa na bakteria wa utumbo. Vilevile muhogo uliokauka haraka juani, ufunguo unakosa maji na kazi inakatika katikati. Hilo ndilo kosa la chinyanya. Kazi ya siku nyingi ililazimishwa kwisha kwa siku moja.

UGALI WA MUHOGO KUTOKA SHAMBANI

Njia iliyo bora kwa muhogo mchungu ni kuuloweka. Fuata hatua hizi:

1. Menya muhogo na kuondoa ganda lote, la nje na lile jeupe la ndani, kwa kuwa ganda lina sumu nyingi kuliko nyama. Osha.

2. Kata vipande vya urefu wa kiganja, vitie kwenye ndoo au pipa safi, mimina maji mpaka vizame vyote. Funika.

3. Acha siku tatu kamili. Siku za baridi zinaweza kuwa nne. Usiangalie kalenda peke yake, bonyeza kwa kidole. Kipande kilicho tayari kinabonyea na kumeguka. Kilicho kigumu kirudishe majini.

4. Toa, suuza kwa maji safi, ondoa uzi wa katikati, kamua maji kwa mikono na umegue vipande vidogo.

5. Anika juu ya kichanja au turubai safi, si chini mchangani wala kando ya barabara. Usiku ingiza ndani. Muhogo mkavu unavunjika kwa mlio, haupindi.

6. Twanga au saga, chekecha, na hifadhi mahali pakavu. Vipande vyenye ukungu mweusi, wa kijani au wa njano vitupwe, kwani sumukuvu haiondoki kwa kuchekecha wala kwa kupika.

Maji yaliyolowekewa muhogo yamwagwe mbali na kisima, na mahali ambapo mbuzi na kuku hawatayanywa. Usiloweke muhogo katika dimbwi ambalo watu huchota maji ya kunywa.

Hapa msomaji wa Newala au Tandahimba atauliza, maji nitayapata wapi? Swali lake ni la haki. Katika uwanda wa juu wa Makonde maji yamekuwa adha ya miaka mingi, na hata huku pwani visima vingi vina maji ya chumvi. Hii ni sababu moja ya watu wengi kuanika makopa moja kwa moja juani bila kuyaloweka. Makopa ya namna hiyo, yakiwa ya muhogo mchungu, yanabaki na sumu, na mwaka wa ukame sumu hiyo huongezeka, kwa sababu muhogo uliokosa mvua huwa mchungu zaidi. Kwa hiyo mpishi anaweza kufanya vilevile alivyofanya mwaka jana, akapata chakula tofauti kabisa mwaka huu.

UNGA WA KUNUNUA: NJIA YA KULOWANISHA

Ipo njia inayohitaji maji kidogo tu, tena maji yenyewe yanabaki kuwa sehemu ya ugali. Iliandaliwa na Dakta Howard Bradbury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, ikaelezwa mwaka 2006, na baadaye ikafundishwa hapa kusini mwa Tanzania pamoja na Msumbiji na Kongo. Katika kijiji kimoja cha Popokabaka, nchini Kongo, ambako konzo ilikuwa imewaathiri wengi, akina mama waliitumia kila siku na hakukutokea mgonjwa mpya katika muda wote waliofuatiliwa.

Njia yenyewe ni hii:

1. Tia unga mkavu kwenye bakuli au sufuria, usawazishe juu bila kuushindilia. Weka alama ndani ya chombo pale unga ulipofikia.

2. Mimina maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka chini ya alama, kisha utaanza kupanda tena. Ukifika kwenye alama ileile, acha kutia maji.

3. Tandaza unga huo uliolowa juu ya sinia, ungo au mkeka safi. Unene usizidi sentimita moja, yaani chini ya upana wa kidole. Funika kwa kitambaa chepesi kuzuia nzi na vumbi.

4. Acha saa tano kivulini, au saa mbili katika jua kali.

5. Pika siku hiyohiyo. Unga uliolowa haulali, utachacha.

Ukilowanisha saa saba mchana baada ya sala ya Adhuhuri, saa kumi na mbili jioni unga uko tayari kwa chakula cha usiku. Mwezi wa Ramadhani anza saa moja mapema zaidi. Ukiulowanisha ukaurundika kwenye bakuli hujafanya kitu. Sumu inahitaji njia ya kutokea, ndiyo maana tunatandaza.

Kupika kwake kunatofautiana kidogo, kwa sababu unga tayari una maji. Kwa vikombe vinne vya unga (vilivyopimwa vikiwa vikavu), chemsha vikombe viwili na nusu vya maji na weka kikombe kingine cha maji ya moto pembeni. Maji yakichemka tia unga, songa kwa nguvu, ongeza maji kidogo ukiona umekaza mno. Ugali ukigeuka kutoka rangi ya chokaa ukawa unang'aa na kuvutika, na ukawa hauachi unga mkavu ukiukata kwa mwiko, umeiva. Ukipunguza maji hayo ya mwanzo utapata mabonge, ukiyazidisha utapata gundi.

Unga wa sokoni ndio unaohitaji njia hii kuliko wote, kwani hujui umetokana na muhogo gani wala umeandaliwaje. Septemba 2017, wilayani Kasese nchini Uganda, watu 98 waliugua na wawili kufariki baada ya kula ugali wa muhogo, baadhi yao wakiwa msibani. Kiwango kinachokubaliwa kimataifa ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo ya unga. Unga ule ulikuwa na zaidi ya mara nane ya kiwango hicho, na ulipofuatiliwa ilionekana umetokea nchini kwetu Tanzania. Wanaopika kwenye hitma, Maulidi na misiba wazingatie jambo hili, maana sufuria moja inalisha mtaa mzima.

KISAMVU CHA NAZI

Majani ya muhogo yana protini, madini na vitamini, lakini yakiwa mabichi yana sumu nyingi kuliko hata mizizi. Bahati njema, kutwanga ndiyo dawa. Chagua majani machanga, yaoshe, yatwange kwenye kinu pamoja na vitunguu saumu mpaka yawe laini kabisa, pasibaki jani linalotambulika. Yale ya mpira yatwangwe zaidi. Yaache yapumzike robo saa kabla ya kuyaweka motoni, ili ufunguo ufanye kazi yake.

Chemsha kisamvu bila kufunika sufuria kwa nusu saa au zaidi, mpaka harufu ya ubichi iondoke. Ndipo utie tui jepesi, kitunguu na nyanya, yachemke tena. Tui zito litie mwisho, koroga polepole mpaka lianze kuchemka, kisha epua. Tui zito likichemka sana linakatika na kutoa mafuta, na wapishi wengi hulaumu nazi wakati kosa ni la moto. Anayependa atie karanga zilizosagwa, ambazo mkoa wetu unazo tele.

MUHOGO WA NAZI WA FUTARI

Hapa kanuni ni moja, muhogo mbichi wa kuchemsha, kukaanga au kuchoma uwe ni ule mtamu tu. Muhogo mchungu usichemshwe ukiwa mbichi kwa hali yoyote. Onja kijipande kidogo cha ncha, kisha uteme. Ukiona uchungu, usimpe mtoto, upeleke kwenye kulowekwa. Mwaka wa ukame onja kila shina, kwa sababu hata mbegu iliyozoeleka kuwa tamu inaweza kubadilika. Mkulima anayetaka mbegu bora aende Kituo cha Utafiti wa Kilimo Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, aulize.

Menya, pasua, toa uzi wa kati, kata vipande vidogo. Loweka kwenye maji safi kwa saa chache, kisha mwaga maji hayo. Chemsha kwa maji mengi bila kufunika, na muhogo ukianza kulainika mwaga maji. Sasa tia tui jepesi, chumvi, kitunguu na pilipili nzima isiyopasuliwa. Yakikauka nusu, mimina tui zito, punguza moto na usikoroge kwa mwiko, tikisa sufuria tu ili vipande visivunjike. Kwa kilo moja ya muhogo uliomenywa nazi moja kubwa inatosha, lakini kwa futari ya wageni weka mbili.

KITOWEO NI KINGA

Mwili wenyewe una uwezo wa kuiondoa sianidi kidogo iliyobaki, ila kwa kazi hiyo unahitaji protini yenye salfa, inayopatikana kwa wingi katika samaki, dagaa, mayai na nyama, na kwa kiasi katika kunde na mbaazi. Anayekula ugali wa muhogo kwa samaki ana kinga ambayo anayekula kwa chumvi na maji hana. Ndiyo sababu konzo huvipiga zaidi vijiji vya bara vilivyo mbali na kitoweo kuliko vile vya wavuvi. Mwenyezi Mungu (SW) ametujaalia bahari, na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, inatukumbusha kuwa samaki nao wanahitaji kutunzwa. Anayevua kwa baruti anaharibu mazalia, na pia anaiondoa kinga katika sahani ya mtoto.

Baba anayeuza samaki wote mnadani na kurudi nyumbani na unga peke yake afikiri upya. Mafungu mawili ya dagaa kwa watoto si anasa. Jirani aliyejaaliwa akumbuke kupeleka bakuli la mchuzi kwa asiye nacho, hasa katika miezi ya njaa kabla ya mavuno.

Aidha, tumia chumvi yenye madini joto. Sianidi inapovunjwa mwilini inaacha mabaki yanayozuia madini hayo kufanya kazi, na tezi la shingo huvimba. Chumvi ya mashamba yetu ya pwani, kama haijatiwa madini joto, haitoi kinga hii.

DALILI ZA KUANGALIA

Mtu akila muhogo, kisha ndani ya saa chache akaumwa kichwa, akashikwa na kizunguzungu, kutapika, kuumwa tumbo au kuhema kwa shida, apelekwe hospitali mara moja. Asisubiri kupoa kwa maziwa au maji ya madafu. Bakiza kidogo cha chakula na unga, upeleke pia, usaidie uchunguzi. Watoto waangaliwe zaidi, kwani miili yao ni midogo na kiasi kilekile cha sumu huwaelemea upesi. Mtoto akiamka miguu imekakamaa, njia ni ya hospitali kabla ya njia ya mganga. Dua tuisome, na dawa tuitafute.

Ndugu msomaji, hakuna kipya sana katika haya. Waliotutangulia waliloweka, walivundika, waliotesha subira pamoja na muhogo. Tukiwa na maji tuloweke siku tatu. Tukikosa maji, au tukinunua unga tusioujua, tulowanishe na kutandaza saa tano. Njaa inapobisha hodi, hapo ndipo haraka inapotushawishi, na hapo ndipo hatua hizi zinapohitajika zaidi. Mfundishe binti yako, na kijana wako wa kiume pia, maana kuna siku atajipikia mwenyewe.

Mwenyezi Mungu azilinde familia zetu, avitie baraka vyakula vyetu, na atujaalie kula kilicho halali na kizuri. Amin.

Wabillahi tawfiq.